Siku Tatu za Nyuki

Nilibisha mizinga kumi na minane,
mmoja mmoja, kwa ufunguo wa ghala:
Irek wenu amefariki.
Ndivyo mama yako alivyofanya alipofiwa.
Nyuki wasipopewa habari, husema watu wa huku, hususa.
Ilikuwa Februari, theluji magotini.
Nikatega sikio. Wakavuma kidogo, wakanyamaza.

Kanisani nilikaa safu ya tatu,
nyuma ya mtoto wa marehemu kaka yako,
uliyemwona mara mbili:
alipobatizwa, na alipokuja kukopa.

Bogna, ulikuwa ukisema, wosia ni wa wanaoumwa.
Ulisema ukiwa juu ya ngazi, misumari mdomoni.
Na ndoa? Ndoa ni muhuri, na muhuri haupashi nyumba moto.
Nikacheka. Nilikuwa na miaka thelathini na minne
na nyumba ilikuwa na moto.

Suwałki, mthibitishaji alinichorea mti.
Hapa marehemu. Watoto? Hana. Mke? Hana.
Wazazi wametangulia. Kaka naye.
Kalamu ikashuka tawi kwa tawi
ikamkuta Radosław kule Szczecin,
upande wa pili wa nchi, akiuza bima.
Nikauliza, mimi niko tawi gani?
Akaitazama karatasi, maskini, kama anayetafuta kweli,
kisha akasema sheria inanipa miezi mitatu
ya kutumia nyumba na vyombo
kama ilivyokuwa kawaida.
Kawaida tulikuwa wawili.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Miaka ishirini na saba nilikuwa habari yenyewe;
daftari ndilo nililokosa.

Aprili akaja, na daftari lake.
Si mtu mbaya. Alivua viatu mlangoni, alileta keki.
Trekta, akaandika. Ghala. Jiko la vigae. Mizinga kumi na minane.
Nyuki je, wako wangapi?
Nikamwambia, andika mizinga tu.
Kisha akaniuliza choo kiko wapi,
ndani ya nyumba yake.

Zilibaki siku nane
mzinga wa saba ulipofurika kama uji ulioachwa motoni.
Bumba likatua nje ya ua,
kwenye mtufaha wa kando ya barabara, usio na mwenyewe.
Nilimpigia simu. Sikutaka kuiba.
Nyuki wako wametoka, njoo uwafuate.
Watarudi wakisikia njaa, akasema, ana mkutano.

Irek, katika sheria zote za nchi hii
ulijua moja, ukinisomea jikoni huku ukicheka:
bumba lisilotafutwa na mwenyewe likapatikana kwa siku tatu
si la mtu tena.
Hata serikali, ulisema, inajua nyuki hawafungiki.

Nikatoa kiti nikakaa barabarani.
Siku ya pili mvua ya baridi iliwabana tawini,
wakaning'inia kama ndevu za mzee aliyelowa.
Tarishi akauliza ninamsubiri nani.
Kalenda, nikamjibu.
Sikuwagusa. Usiku nilivaa koti lako,
lile ambalo daftari halikuliona.

Asubuhi ya nne nikatandika shuka,
nikaweka kisanduku juu yake, nikatikisa tawi mara moja.
Waliodondoka waliingia. Waliobaki wakawafuata
kwa miguu, kama watu wanaotoka misa.
Wachache waliniuma. Sikuwadai.

Sasa niko Sejny, kwa binamu yangu Halszka.
Kisanduku kiko dirishani pa chumba cha kufulia.
Nimebisha. Nimewaambia, Bwana wenu ni...
na neno likanikataa.

Basi nimechukua karatasi. Kwa mkono wangu mwenyewe,
tarehe juu: nyuki hawa na koti hili ni vya Halszka.
Mwandiko ni mbaya, naomba radhi kwa atakayesoma.
Wameniuma kidole cha kushikia kalamu.